Ndege ya Ubavuni

Birika ndilo lililotuumbua. Si darubini, wala vipimo, wala ile mashine kubwa tuliyoifukia chini ya zege tukaipa jina la heshima. Ni birika la chai la mafundi, lenye masizi na mfuniko uliofungwa kwa waya.

Asubuhi ile nilishuka bandani mapema kwa sababu ndege za kizazi cha saba zilikuwa zinawashwa kwa mara ya kwanza. Ndege kumi na mbili, jozi sita, bado zinanuka rangi. Msanifu wake ni mimi, Mhandisi Kalunde, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa hata ningejisifu nisingekosa wa kuniunga mkono. Injini ziliwashwa, zikanguruma robo saa, zikazimwa. Mafundi wakafanya wanachokifanya siku zote: wakakimbilia chai.

Mafundi wa Isenga hawapiki chai kwa moto. Kuni ni za hospitali na petroli ni ya ndege, kwa hiyo birika huning'inizwa kwenye bomba la moshi la injini iliyotoka kuzimwa, na bomba likiwa la moto vya kutosha maji huchemka. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba wana bomba wanalolipenda. Kwenye kila jozi walibanana upande mmoja tu, na ndege ya pili, pacha yake, yenye injini ileile, haikusogelewa na mtu.

"Mama Wande," nikamwita fundi mkuu, mwanamke wa makamo ambaye spana ya mkononi mwake huonekana kama kijiko, "mbona mnagombania bomba moja? Si kuna jingine pale?"

"Lile la wa mbele?" Akacheka. "Pale utasubiri chai mpaka uote mvi, Mhandisi. Ya ubavuni ndiyo inayochemsha. Siku zote ya ubavuni."

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu kizazi cha nne. Na kila kizazi kinazidi. Hii ya leo, hata sukari hatujapima."

Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Nikapokea kikombe, nikanywa mafunda mawili. Nilikiweka kikombe chini, nikaenda kushika bomba la ndege ya mbele kwa kiganja kitupu, nikahesabu mpaka saba kabla ya kuondoa mkono. La ubavuni sikuweza kulisogelea hata kwa upana wa viganja viwili.

Injini moja. Petroli moja. Muda uleule.

"Mhandisi, umeungua?" Mama Wande aliniuliza.

Nilikuwa nawafikiria panzi.

*

Panzi ni vyombo visivyo na rubani, ukubwa wake kama wa mbuzi, vinavyotumwa na Kampuni ya Lumo inayodai kuwa bwawa la Isenga ni lake. Huja makundi makundi kuvunja pampu zetu. Hawana macho wale. Huliona joto tu, na wakikutana na ndege angani, huifuata iliyo ya moto zaidi.

Huja pia na ule mvumo tunaouita Kimya, mawimbi yanayoua kila kitu chenye akili ya umeme. Siku Kimya kilipokuja mara ya kwanza, ndege zote za jeti zilizokuwa angani zilianguka na marubani wake. Zilikuwa zimejaa kompyuta, na hazikuwa na hata waya mmoja wa kuvuta kwa mkono. Ndipo tukarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwenye pistoni, rafadha inayozunguka puani mwa ndege na kuivuta, na nyaya za chuma zinazovutwa kwa nguvu za rubani mwenyewe. Redio hatuna. Rubani akishapaa, hakuna mtu wa kumwambia neno tena.

Babu wa ukoo wetu wa ndege alikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, turubai na mbao tupu, na mwendo wa pikipiki mbovu. Sifa yake ilikuwa kona. Aliweza kugeuka ndani ya uwanja wa mpira, lakini tulipoteza ndege mbili kwa kila panzi mmoja. Kizazi cha pili kilikuja na bawa moja la bati na miguu ya kukunjwa. Cha tatu kikapata silinda kumi na mbili na rafadha ambayo rubani aliweza kuibadilisha pembe akiwa angani, hapo tukaanza kulingana na adui. Kuanzia cha nne tukaruka wawili wawili: wa mbele anashambulia, na mwenzake anakaa ubavuni, upande wa kulia, akimlinda. Kizazi cha tano kilipiga panzi wanne kwa kila ndege tuliyopoteza. Cha sita kikapiga tisa. Watu waliniita shujaa sokoni, na niliitika.

Michoro haikuwa yangu peke yangu. Kuna Mkunga. Ndiyo ile mashine ya chini ya zege, mahali Kimya kisipofika. Kila ndege ikirudi kutoka vitani, daftari lake husomwa mbele ya Mkunga: imepigwa matundu mangapi, imegeuka wapi, imetumia mafuta kiasi gani, imeangusha wangapi. Mkunga huzipa alama, huchukua jozi zilizofanya vizuri, huzichanganya, na baada ya siku thelathini hutoa kizazi kipya. Aliyerudi ndiye mzazi. Tulipenda kuisema hiyo kauli, tukaiandika hata juu ya mlango.

Nilishuka kule chini, nikamwomba Mkunga anionyeshe michoro ya jozi kutoka kizazi cha nne hadi cha saba, ya mbele na ya ubavuni zikiwa sambamba. Sikuwahi kuitazama hivyo. Nilizoea kutazama mabawa, maana mabawa ndiyo mapenzi yangu. Safari hii nilitazama mabomba ya moshi.

Bomba la wa mbele lilikuwa limezungushiwa ganda, kila kizazi ganda nene zaidi, na mdomo wake umeelekezwa juu ya bawa ambako upepo huupoza. La wa ubavuni lilikuwa likipungua unene kizazi hadi kizazi, likifupishwa, likipinda nje, mpaka kwenye cha saba lilikuwa limekaa wazi pembeni kabisa mwa ndege. Mtu angetaka kutengeneza taa ya kuwaita panzi, asingeitengeneza vizuri zaidi.

Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Haiwezekani." Nikalisema mara nyingi.

Kwa nini mashine ingefanya hivyo? Hakuwa na chuki, Mkunga. Hajui hata chuki ni nini. Nilikaa kwenye kiti nikaifuata hesabu yake hatua kwa hatua, na nilipoifikia hatua yenyewe, niliisoma mara tatu. Jozi iliyokuwa na wa ubavuni wa moto zaidi, wa mbele wake alirudi bila tundu na panzi wengi mkononi. Alama zikapanda. Na wa ubavuni? Wa ubavuni aliyeanguka hakuwa na alama mbaya. Hakuwa na alama yoyote. Daftari lake halikusomwa kamwe.

Halikusomwa kwa sababu mimi nililifunga.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu, maana mtu wa nje atadhani tulikuwa wajinga. Katika vizazi vitatu vya kwanza tulisoma madaftari yote, ya waliorudi na ya walioanguka, kwa kadiri wenzao walivyoona na mafundi walivyokumbuka. Kisha kwenye kizazi cha nne akaanguka Mhina, mtoto pekee wa Kanali Semkiwa, mkuu wa kiwanja. Kulisoma daftari la aliyeanguka ni kuyataja makosa yake moja moja mbele ya watu: alichelewa hapa, alikosea pale. Kanali alikuja kwangu macho mekundu. Yeye ni Mzigua na mimi Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za misafara, na kwenye msiba mtani ndiye anayeshika vitu vya marehemu wakati wenyewe wanalia. Akaniambia, "Mtani, nifungie hilo daftari. Marehemu hasemwi. Angalau mpaka arobaini yake."

Nililifunga kwa kaniki, nikaliweka kwenye kasha. Baada yake kila familia ikaomba hivyohivyo, ikawa ndiyo adabu ya kiwanja. Arobaini ikiisha, kizazi kipya kilikuwa kimeshazaliwa siku kumi nyuma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua kasha kwa ajili ya ndege ya zamani.

Nililifungua sasa. Madaftari yalikuwa kumi na tisa. Niliyapanga sakafuni, mbele huku na ubavuni huku. Upande wa mbele yalikaa mawili. Upande wa ubavuni yalikaa kumi na saba.

Na hatukuona! Kiwanja kizima hatukuona, kwa sababu ubavuni tuliwaweka marubani wageni wa vita, na mgeni akifa kila mtu ana maelezo tayari.

*

"Karibu, mtani," Kanali Semkiwa alisema nilipoingia ofisini kwake. "Leo mmeamka mapema ninyi, au njaa?"

Kwa kawaida ningemjibu kwamba Mzigua hajui saa bila kuamshwa na Mnyamwezi. Nilifunga mlango, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikianza na birika, nikirudi kwenye mabomba. Aliponielewa aliiangalia mikono yake.

"Mhina pia?" akauliza.

"Mhina alikuwa wa kwanza, Kanali. Bomba lake lilikuwa na joto kidogo tu kuliko la mwenzake. Ilikuwa bahati mbaya ya kiwandani. Lakini Mkunga hakuambiwa kwamba alikufa. Akaona wa mbele amerudi salama, akadhani amepata dawa."

"Kwa sababu nilikuomba ufunge."

"Kwa sababu nilifunga."

Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilidhani atanipiga, na ningesimama anipige.

"Mabomba yanaweza kufunikwa?" akauliza.

"Kwa bati na udongo wa tanuri. Saa mbili kwa kila ndege."

"Ukiyafunika, panzi watafanya nini?"

Hilo swali nilikuwa nimelikimbia njia nzima. "Watagawanyika," nikasema. "Wa mbele atapigwa sawa na mwenzake. Tulikuwa tunategemea tisa kwa mmoja, labda zaidi. Tutapata watatu."

"Na wasiopigwa wataendelea mpaka kwenye pampu."

"Ndiyo."

"Watu themanini elfu, Kalunde, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tupu. "Leo wanaruka hivyohivyo. Ukimaliza vita vya leo, funika, fungua kasha, fanya unachotaka. Na marubani wasiambiwe. Askari akijua yeye ni chambo, hapandi."

"Hiyo ni haki, Kanali? Wewe, baba yake Mhina, unasema hivyo?"

"Leo nani yuko ubavuni jozi ya kwanza?"

Nikautazama mlango niliokuwa nimeufunga.

"Nimekuuliza."

"Nyamizi," nikasema. "Mdogo wangu."

"Basi niambie kweli. Umekuja hapa unakimbia kwa ajili ya wale kumi na saba, au kwa ajili ya huyo mmoja?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Macho yangu yalikimbilia dirishani, kule ndege ziliposimama, na yeye aliona. Kabla hatujasema neno jingine, mlimani kukamweka kioo cha ishara, mara nne, na mlinzi pale nje akaanza kugonga kipande cha reli. Panzi walikuwa wanakuja, saa tano asubuhi, saa nne kabla ya kawaida yao.

*

Kutoka kengele ya reli mpaka ndege ya kwanza kuondoka ni hesabu ya mia tatu. Injini zinahitaji kupata joto, ndiyo maana. Marubani walikuwa wanakimbia kutoka kila upande, kofia mkononi. Nilimdaka Nyamizi kwenye ngazi ya ndege yake, nikamvuta mkono mpaka nyuma ya mkia.

"Dada, vipi? Nina haraka."

"Ndege yako ni chambo."

"Nini?"

Nikamwambia kwa sentensi chache. Bomba. Panzi. Kumi na saba. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa utani.

"Umejuaje?"

"Kwa birika la mafundi."

Akacheka kidogo, nusu ya kicheko, kisha akageuka kulitazama bomba la ndege yake lililokuwa tayari limeanza kuwa jekundu mchana kweupe. Kile kicheko kilibaki usoni bila mwenyewe. Sijawahi kumwona mdogo wangu akiogopa, hata alipokuwa na miaka sita akaumwa na nyoka, na sasa nilimwona.

"Sema injini imegoma," nikamwambia. "Mama Wande atakubali. Kaa chini leo, Nyamizi. Leo tu."

"Na Kapteni Sizya aruke bila mtu ubavuni?"

Sizya mwenyewe alikuwa anakuja, mwenye jozi, wa mbele wake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kidogo, mwalimu wa marubani wote, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko bunduki. Alikuwa amerudi kutoka vitani mara ishirini na sita, na kiwanjani akaitwa Asiyegusika.

"Akina dada, umbeya baadaye," akasema. "Nyamizi, panda."

Nyamizi akamwambia. Kabla sijamzuia alimwambia yote moja kwa moja, akimwonyesha bomba kwa kidole. Sizya alisikiliza huku akifunga vifungo vya koti lake, na alipofika kifungo cha tatu vidole vikaacha kufanya kazi.

"Nimepoteza watatu ubavuni," akasema. "Mhina, Kabula, na yule kijana wa Urambo."

"Mhandisi. Hata Mhina?"

"Hata Mhina, Kapteni."

"Nilisimama msibani," akasema polepole, "nikamwambia baba yake kwamba mtoto angekata kona mapema angekuwa hai. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo mpaka leo. Nawapa mfano wa Mhina." Alishika ukingo wa bawa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kisha akajinyoosha, akampita Nyamizi, akaweka mguu kwenye ngazi ya ndege ya ubavuni.

"Kapteni, hiyo ni yangu!"

"Panda ya mbele."

"Sijawahi kuongoza!"

"Hata mimi, inaonekana sijawahi," Sizya akasema. "Panda, binti. Muda unakwisha."

Nyamizi alinitazama mimi. Nilitakiwa kusema kitu. Kuna maneno ambayo mtu mwema angeyasema pale: shukeni wote, au Kapteni, hapana. Nilisema, "Panda, mdogo wangu." Nilisema haraka sana.

Alipanda. Akiwa juu, anafunga mkanda, akapiga kelele kuushinda mngurumo: "Waambie na wengine, dada! Wa ubavuni wote!"

Nikamwitikia kwa kichwa.

Ilikuwa imebaki hesabu ya mia. Ndege tano za ubavuni zilikuwa zimesimama pale kwenye mstari, ya mbali kabisa hatua mia mbili, na ndani yake vijana watano niliowajua kwa majina. Kanali alikuwa amesimama ng'ambo ya njia akinitazama, mikono nyuma. Hakunizuia. Hakuinua hata kidole. Nilichukua hatua moja, nikasimama. Nikajiambia pampu. Nikajiambia watu themanini elfu, na watoto wao, na kiangazi. Yote yalikuwa kweli. Lakini wa kwangu alikuwa ameshakaa mbele, na miguu yangu ilijua hilo kabla yangu. Nilisimama pale nikahesabu mpaka mia, na ndege zikaondoka.

*

Vita vya angani ukivitazama kutoka chini havina maana yoyote. Ni vidoa na milio. Niliona wingu la panzi likitoka upande wa bwawa, nikaona jozi zetu zikipanda kulikabili, na nikaona lile wingu likijigawa vipande sita, kila kipande kikiifuata ndege moja kwenye kila jozi na kuiacha nyingine peke yake. Mafundi walikuwa wakishangilia, maana ndege zilizoachwa ziliwaingia panzi kwa nyuma na kuwapukutisha. Kizazi cha saba kilifanya kazi. Ilikuwa kama kwenye michoro, na mimi nilikuwa mtu wa pekee pale chini niliyetamani kisifanye.

Ndege moja ya ubavuni ikaanguka upande wa magharibi. Kisha nyingine. Kisha kwenye kundi kubwa kabisa, lililokuwa juu ya pampu ya kwanza, tuliona moshi mweusi ukishuka taratibu, ukizunguka, na haukuisha mpaka ulipogusa mashamba.

Mama Wande akanishika bega. "Hiyo ni jozi ya kwanza," akasema.

Nilijua. Nilichokuwa sijui ni ipi kati ya mbili.

Baadaye ndege zikaanza kurudi. Moja, mbili, nne. Nilizitazama namba kwenye mikia huku macho yananiuma. Ya saba ilishuka kwa kuyumba, magurudumu yakaruka mara mbili, ikanyooka, na nikaisoma namba ya mkiani: moja, mbele.

Nilipiga vigelegele.

Sikuamua kuvipiga. Vilinitoka kwa sauti ambayo sikuitoa hata harusini kwangu, mikono juu, na wengine wakanipokea kwa sababu furaha huambukiza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Nilipogeuka, Kanali Semkiwa alikuwa nyuma yangu.

"Siku ya Mhina pia vilipigwa," akasema. "Niliwasikia kutoka ofisini. Nikawasamehe, nikasema hawajui."

Akaondoka.

Nyamizi alishuka bila kusaidiwa. Uso wake ulikuwa mweusi kwa mafuta, na mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Nilimkimbilia, akaniinulia ule wa kushoto, kiganja wazi, nisimame.

"Haigeuki kulia," akasema.

"Nyamizi, umeumia?"

"Walimfuata wote, dada. Kama arobaini hivi. Nikataka nimrudie. Nikavuta kulia kwa mkono, nikavuta kwa mikono miwili, nikaegemeza goti. Haigeuki! Inakwenda kushoto tu, haraka, vizuri, inakupeleka kushoto na nyumbani. Nimevuta mpaka bega limetoka. Alikuwa upande wa kulia. Alikuwa karibu, namwona."

Nilijua. Rafadha ikizunguka huuvuta mwili wa ndege upande wake, na kila ndege ya rafadha ina upande mwepesi na upande mzito. Wasanifu wa zamani walipambana na kasoro hiyo. Mkunga aliikuza, kizazi baada ya kizazi, kwenye ndege za mbele peke yake, kwa kuwa wa mbele aliyegeuka kumwokoa mwenzake alirudi na matundu, au hakurudi kabisa. Nilikuwa nimeiona kwenye michoro mitatu mfululizo. Pembeni yake niliandika kwa kalamu yangu: upande mzito, hauna madhara.

"Ulikuwa unajua?" Nyamizi akauliza.

"Nilikuwa najua kuhusu kona. Sikujua ni ya nini."

Alitikisa kichwa. Akageuka kutazama mstari wa ndege, akahesabu kwa midomo. Tisa. Mjini, ng'ambo ya kilima, tulisikia watu wakiimba. Pampu zote tatu zilikuwa zima, na panzi thelathini na wanne walikuwa wameanguka. Hatukuwahi kupata siku kama ile.

"Jozi ya tatu haina wa ubavuni," akasema. "Wala ya tano. Wale walikubali kupanda wakijua?"

Nilizitazama namba za mikia.

"Dada. Nilikuambia uwaambie. Uliitikia."

"Nilikuambia wewe," nikasema. "Nilikuwa na muda wa kumwambia mmoja."

Ulikuwa uongo, na yeye ni rubani, anaijua hesabu ya mia tatu kuliko mimi. Halafu akanipita, akaenda kukaa chini karibu na Mama Wande na mafundi, akawapa ule mkono wamfunge.

*

Nilishuka kwa Mkunga mchana uleule. Kanali alikuwa mlangoni, ameshika daftari la Mhina alilolitoa kati ya yale niliyoyaacha sakafuni, akanipa, kisha akavuta kiti akakaa karibu. Nilisoma yote: joto la bomba, mwinuko, saa, kona aliyokata, mahali alipoangukia. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Nilipomaliza akasema, "Endelea."

Niliendelea mpaka nikamaliza yale kumi na tisa. Kisha nikasoma ya vijana wawili wa asubuhi ile, ambao damu yao ilikuwa bado haijakauka, na mwisho nikamsoma Sizya. Ilikuwa saa kumi. Mkewe alikuwa bado mjini na wenzake, akiimba kwa ajili ya pampu, hajaambiwa.